Wakili Katika Mji Wake: Habari za Mirugi Kariuki wa Nakuru

Ndugu wanachama, hesabu ya fedha mmekwisha kuisoma katika kurasa zilizotangulia. Ukurasa huu ni wa historia, nao umewekwa hapa ili kazi tuifanyayo leo isionekane kana kwamba imeota bila mizizi. Chama cha ustawi kinapotajwa, watu hukumbuka karo za watoto, matibabu ya wagonjwa na gharama za mazishi. Ni mara chache mtu hukumbuka wakili. Lakini yeyote aliyepata kunyang'anywa shamba kwa hati asiyoweza kuisoma, au ambaye mwanawe alikamatwa usiku na asiambiwe amepelekwa kituo kipi, ajua ya kwamba ziko shida ambazo mchango wa fedha peke yake hauziondoi. Shida hizo zahitaji mtu aijuaye sheria, na mwenye kuthubutu kuisema mbele ya hakimu.

Kwa hiyo twaeleza habari za Mirugi Kariuki, aliyekuwa wakili Nakuru tangu siku ambazo Nakuru ulikuwa bado mji wa mashamba na reli, kabla haujatangazwa kuwa jiji mwaka 2021. Hatumwelezi kwa sababu alipata kuwa Mbunge na Waziri Msaidizi, maana wako wengi walioshika vyeo hivyo. Twamweleza kwa sababu maisha yake yatoa jibu la swali ambalo latuhusu sisi wa Mai Mahiu. Mji wapata faida gani ukiwa na wakili wake mwenyewe, anayekaa miongoni mwa watu wake? Na wakili huyo hulipa nini?

Kwanza hatuna budi kurudi nyuma, kwa kuwa katika Bonde hili haja ya mtetezi ni ya zamani kuliko barabara yetu. Mwaka 1904 Serikali ya Kiingereza ilifanya mapatano na wazee wa Kimaasai, nao wakahamishwa kutoka nchi ya Naivasha na Nakuru. Kundi moja lilipelekwa Laikipia, na jingine kusini. Mapatano yale yalisema kwamba yangedumu maadamu Wamaasai wapo. Hayakudumu hata miaka kumi. Mwaka 1911 Serikali ilitaka na Laikipia pia, na Wamaasai wa huko wakaanza kuhamishwa mara ya pili.

Hapo walifanya jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Hawakushika mikuki, bali walitafuta mawakili. Ole Njogo na wenzake waliishtaki Serikali mahakamani, na mwaka 1913 kesi yao ilitupwa. Majaji walisema kwamba mapatano yale yalikuwa kama mapatano ya dola mbili, na kwamba mahakama ya kawaida haikuwa na uwezo wa kuyaamua. Basi watu waliohamishwa kama raia wanyonge waliambiwa barazani kwamba wao ni kama dola ya kigeni! Walishindwa, lakini jina la kesi yao limebaki katika vitabu vya sheria hata leo. Aliyeshindwa mahakamani huacha maandishi, naye aliyenyamaza hana anachowaachia wajukuu.

Miaka 40 baadaye ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa mwaka 1960. Maelfu ya Wakikuyu waliokuwa vibarua katika mashamba ya Wazungu ya Bonde la Ufa walifukuzwa. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama za wakati ule. Mzee Kenyatta na wenzake watano waliposhtakiwa Kapenguria mwishoni mwa 1952, mawakili wao wengi walitoka ng'ambo: D. N. Pritt kutoka Uingereza, H. O. Davies kutoka Nigeria, na Chaman Lall kutoka India. Walisaidiwa na mawakili wa Kenya wenye asili ya Bara Hindi, kama vile A. R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Mawakili Waafrika wa Kenya walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mmoja wa wale wa kwanza, C. M. G. Argwings-Kodhek, alijitoa kuwatetea watu wa kawaida walioshtakiwa kwa Mau Mau, na kwa kazi hiyo alichukiwa na walowezi.

Twayataja haya ili msomaji aone ya kwamba kwa nusu karne mtetezi wa Mwafrika alikuwa mgeni wa kuja na kuondoka. Mgeni huyo aweza kuwa hodari sana, lakini kesi ikiisha hufunga mizigo yake. Anayebaki ni mshtakiwa na jamaa zake, pamoja na yule yule mkuu wa polisi aliyewakamata. Baada ya Uhuru wa 1963 Waafrika wengi walisomea sheria, lakini wengi wao walifungua ofisi Nairobi, penye makampuni na mabenki. Waliorudi katika miji ya mashambani walikuwa wachache, na Mirugi Kariuki alikuwa miongoni mwa hao wachache.

Wakili wa mji kama Nakuru haishi kwa kesi kubwa za magazetini. Huishi kwa kesi za mipaka ya mashamba, mirathi, madeni, ajali za barabarani, na vijana waliokamatwa. Nakuru una neno lake la pekee, kwa sababu ardhi ya walowezi iliyouzwa kwa makampuni na vyama vya ushirika vya kununulia mashamba ilileta wanahisa wengi kuliko hati, na hati nyingi kuliko ekari. Hapo ndipo wakili humjua mwananchi, na mwananchi humjua wakili, maana yule anayemtetea leo kizimbani ndiye atakayekutana naye kesho sokoni.

Katika miaka ya 1980 kazi hiyo ikawa ya hatari. Juni 1982 Katiba ilibadilishwa ili Kenya iwe nchi ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1986 Serikali ilianza kuwasaka watu walioshukiwa kuwa wa chama cha siri cha Mwakenya. Walimu, wanafunzi, wakulima na waandishi walikamatwa, na wengi waliteswa katika vyumba vya chini vya jengo la Nyayo House mjini Nairobi. Kisha walifikishwa mbele ya hakimu saa za jioni, ofisi zikiwa zimekwisha kufungwa, bila wakili na bila jamaa, wakakiri makosa na kuhukumiwa mara moja. Msomaji na ashike neno hilo: bila wakili. Waliopanga saa hizo walijua vizuri kazi ya wakili, na kwa sababu hiyo walihakikisha hayupo.

Mwishoni mwa 1986 Mirugi Kariuki mwenyewe alikamatwa, akapelekwa Nyayo House, kisha akatiwa kizuizini bila kushtakiwa, kwa nguvu ya Sheria ya Usalama wa Umma. Huyu aliyezoea kuuliza mahakamani mteja wake yuko wapi akawa yeye ndiye wa kuulizwa. Lakini hakuikana sheria. Yeye na wazuiliwa wenzake wawili, Wanyiri Kihoro na Mukaru Ng'ang'a, walimwagiza wakili Gibson Kamau Kuria aishtaki Serikali kwa mateso waliyotendewa. Februari 1987 Kuria alipeleka taarifa ya madai yao, kama sheria ilivyotaka. Mwezi ule ule Kuria naye akakamatwa, akatiwa kizuizini, wala hakuachiliwa mpaka Desemba.

Jambo hili lafaa lifikiriwe taratibu. Wakili amekamatwa, amepata wakili wa kumtetea, na wakili huyo naye amekamatwa kwa kumtetea. Ikawa sharti atafutwe wakili wa tatu, naye akapatikana. Mwaka 1988 Kuria alitunukiwa tuzo ya haki za binadamu ya Robert F. Kennedy huko Marekani, lakini hakuweza kwenda kuipokea kwa kuwa Serikali ilikuwa imezuia pasipoti yake. Siku hizo ndizo mahakama ilizoamua ya kwamba sehemu ya Katiba iliyolinda haki za watu haikuweza kutumika, kwa sababu Jaji Mkuu hakuwa ameandika kanuni za kuitumia. Mlango ulikuwapo, ila ufunguo haukuwa umetengenezwa, na mwenye wajibu wa kuutengeneza ndiye aliyekuwa mlinda mlango.

Kariuki aliachiliwa, akarudi kwenye shughuli zake. Oktoba 1990 alikamatwa tena, na safari hii shtaka lilikuwa uhaini, ambalo adhabu yake ni kifo na ambalo wakati huo halikuwa na dhamana. Alishtakiwa pamoja na Koigi wa Wamwere, aliyepata kuwa Mbunge wa Nakuru Kaskazini, na wakili Rumba Kinuthia, na wengine. Koigi alikuwa amekimbilia Norway, na neno hilo likawa kubwa hata Kenya na Norway zikavunja uhusiano wa kibalozi mwezi ule ule. Washtakiwa walikaa rumande zaidi ya miaka miwili.

Waliowatoa hawakuwa mawakili peke yao. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, akiwamo Monica Wangu, mamaye Koigi, walikusanyika Uhuru Park mjini Nairobi pamoja na Wangari Maathai, wakakataa kula mpaka watoto wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na moshi wa kutoa machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo zao mbele ya askari, jambo ambalo kwa mila zetu ni laana nzito. Walihamia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wakakaa huko karibu mwaka mzima. Januari 1993 shtaka la uhaini liliondolewa, na Kariuki na wenzake wakawa huru. Mwanasheria asisahau ya kwamba ziko siku ambazo sheria hushikwa mkono na wanawake wazee wasiopata kuingia chuo chochote.

Mtu aliyepitia hayo angeweza kuhama nchi, au kuhamia kazi ya utulivu. Kariuki alirudi Nakuru. Wakati huo Bonde la Ufa lilikuwa likiungua. Tangu mwisho wa 1991 watu walikuwa wakifukuzwa Molo, Burnt Forest na kwingineko kwa sababu ya kabila na kura. Oktoba 1993 moto huo ulifika karibu na kwetu. Huko Enoosupukia, juu ya milima ya magharibi yetu, maelfu ya watu walifukuzwa, wengi wakakimbilia Maela. Desemba 1994 wale waliokuwa kambini Maela walipakiwa magarini usiku na maofisa wa Serikali, wakatawanywa. Wengi walikuwa na karatasi za mashamba yao mifukoni. Karatasi ilikuwapo, waliokosekana ni watu wa kutosha wa kuisimamia.

Nakuru wenyewe ukawa mahali pa kesi iliyotazamwa na ulimwengu. Koigi alikamatwa tena Novemba 1993, akashtakiwa pamoja na wenzake kwamba walivamia kituo cha polisi cha Bahati. Kesi ilisikilizwa Nakuru mwaka 1994 na 1995, na watazamaji wa kimataifa walikuja kukaa katika viti vya mahakama ile. Oktoba 1995 Koigi na wenzake wawili walihukumiwa kifungo cha miaka 4 na viboko. Hata hivyo nchi ilikuwa imekwisha kugeuka. Mwaka 1997 Bunge lilifuta sheria ya uchochezi na kuondoa uwezo wa kumtia mtu kizuizini bila kumshtaki wakati wa amani. Hayo yalikuwa matunda ya wengi, na watu wa Nakuru walikuwa na fungu lao.

Katika uchaguzi wa Desemba 2002 Kariuki alichaguliwa kuwa Mbunge wa Nakuru Mjini kwa tikiti ya NARC. Februari 2003 vyumba vya Nyayo House vilifunguliwa ili wananchi wavione. Baadaye Rais Kibaki alimteua kuwa Waziri Msaidizi katika Ofisi ya Rais, upande wa usalama wa ndani. Aliyezuiliwa kwa jina la usalama akapewa usalama auangalie.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini historia ya kweli haina budi kusema yote. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 2006 polisi walivamia ofisi za gazeti la Standard na kituo cha televisheni cha KTN, wakachoma magazeti na kuzima matangazo. Wizara iliyohusika na polisi ilikuwa ile ile aliyokuwamo Kariuki. Yeye hakuwa Waziri mwenyewe. Hata hivyo tukio lile lafundisha jambo ambalo wapenda haki hulisahau. Mtu mwema akiingia katika nyumba ya mamlaka hauigeuzi nyumba kwa kuingia tu. Wakili nje ya Serikali aweza kusema hapana. Aliye ndani hufungwa na sauti ya wote. Kila mji unaomtuma mtetezi wake Bungeni ujue ya kwamba umempunguza mtetezi mahakamani.

Safari yake ya mwisho ilikuwa ya amani. Julai 2005, huko Turbi katika wilaya ya Marsabit, watu zaidi ya 50 waliuawa, wakiwamo watoto wa shule, katika ugomvi wa Wagabra na Waborana. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi iliyochukua viongozi waliokuwa wakienda kuwapatanisha ilianguka karibu na Marsabit. Watu 14 walikufa. Miongoni mwao walikuwa Wabunge Bonaya Godana, Abdi Sasura, Titus Ngoyoni na Guracha Galgallo, na Askofu Msaidizi William Waqo, na Mirugi Kariuki. Baadhi ya Wabunge hao walikuwa wa pande zilizogombana, nao walikufa wakiwa katika ndege moja. Mwezi wa Julai wapiga kura wa Nakuru Mjini walimchagua mwanawe, William Kariuki Mirugi, ashike kiti kile.

Sasa turudi nyumbani. Ugomvi uliompeleka Kariuki Marsabit, wa malisho, maji na kisasi, si mgeni kwetu. Januari 2005 hapa hapa Mai Mahiu Wamaasai na Wakikuyu walipigana kwa sababu ya maji ya mto Ewaso Kedong. Wafugaji wa chini walilalamika kwamba maji yamezuiwa juu yasiwafikie mifugo wao. Watu zaidi ya kumi waliuawa, nyumba zikachomwa, na shule zikafungwa. Wakati huo Sheria ya Maji ya 2002 ilikuwa imekwisha kupitishwa, nayo ilieleza nani aruhusiwe kuchepusha mto na kwa kibali gani. Neno ambalo lingeweza kuamuliwa kwa kibali, ramani na barua ya wakili liliamuliwa kwa mishale na mapanga.

Tangu hapo mambo yameongezeka. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, wakimbizi wa ndani walichanga fedha zao, wakanunua ardhi karibu na mji wetu na kuanza maisha upya. Na ardhi inunuliwayo na kundi haikosi maswali ya hati. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliyokusanyika nyuma ya tuta la reli, mahali pa kupitishia maji palipozibwa na takataka, yalipasuka yakashuka juu ya vijiji vyetu, yakaua makumi ya watu. Mazishi tuliyafanya, na michango tuliitoa. Lakini swali la nani alikuwa na wajibu wa kusafisha njia ile ya maji, na ni nini haki ya waliofiwa, si swali la mchango. Ni swali la sheria.

Sheria yenyewe leo si ile ya 1987. Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba kukosekana kwa kanuni hakumzuii mtu kudai haki zake mahakamani. Yasema kwamba aliyekamatwa ana haki ya kuzungumza na wakili, na kwamba Serikali yapaswa kumpa mshtakiwa wakili kwa gharama yake pale ambapo pasipo hivyo haki ingeharibika sana. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda idara ya Taifa ya kuwasaidia wasio na uwezo. Ufunguo uliokuwa haujatengenezwa umepatikana. Lakini ufunguo uliotundikwa Nairobi haufungui mlango wa Mai Mahiu mpaka awepo mtu wa kuuleta.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, twaomba mambo matatu yafikiriwe katika mkutano mkuu ujao. Kwanza, kijana wa kwetu anayetaka kusomea sheria na ahesabiwe sawa na anayetaka kusomea udaktari tunapogawa msaada wa karo. Pili, kila mwanachama na aweke nakala za hati zake za shamba, za kuzaliwa na za mirathi, maana wakili hodari kuliko wote hawezi kutetea karatasi iliyoliwa na mchwa. Tatu, ugomvi wa maji na mipaka na uletwe barazani mapema, wazee wa pande zote wakiwapo pamoja na mtu aijuaye sheria, kabla vijana hawajaitana usiku.

Mirugi Kariuki hakushinda kila kesi, na cheo chake cha mwisho hakikuwa chepesi kukieleza. Lakini alipokuwa mzuiliwa aliitafuta mahakama, na alipofunguliwa alirudi katika mji wake. Mji uliopata mtu wa namna hiyo hauna budi kujiuliza unamwandaa nani baada yake. Swali hilo twaliacha mikononi mwenu.